Kasoro Iliyofichwa Chini ya Rangi

 

Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja anayekaa Kwa Vonza, kule Ukambani, katika barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Mumewe ameajiriwa huko, naye ana duka dogo la vitambaa. Asema kwamba miezi miwili iliyopita walinunua gari katika yadi moja ya hapa Mombasa. Nusu ya fedha ilikuwa akiba ya mumewe. Nusu ya pili ilikuwa yake mwenyewe: zamu yake ya chama, pamoja na thamani ya bangili mbili za dhahabu alizorithi kwa mamake. Siku walipolichukua, gari lilikuwa liking'aa kama kioo. Lilipokaa wiki chache katika jua la Ukambani, mlango wa nyuma wa kushoto na madigadi iliyoungana nao vikaanza kubadilika. Rangi ya fedha ikafanya ukungu, kisha ngozi yake ya juu ikaanza kubanduka vipande vipande. Wakampelekea fundi wa Kitui, akagonga kwa vidole na kusema: ubavu huu umewahi kugongwa, ukajazwa pati na kupakwa rangi upya. Muuzaji alikuwa amewaambia kwamba gari halijaguswa tangu litoke kiwandani.

Mama huyu ana maswali mawili. La kwanza, wana haki gani juu ya muuzaji, ilhali risiti imeandikwa kwamba gari lauzwa kama lilivyo? La pili ndilo hasa lililomfanya ashike kalamu. Dada mmoja wa chama chao analitamani gari lile. Mumewe ashauri lipakwe rangi upesi, liuzwe, wala lisisemwe neno, kwa kuwa nao waliuziwa vivyo hivyo. Moyo wa mama umekataa, lakini dhahabu ya mamake imo ndani ya gari lile. Afanyeje?

Tumeona tulijibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwani ni nyumba chache katika mji wetu ambazo hazijafikwa na jambo la namna hii, ama kwa kununua ama kwa kuuza.

Rangi ya gari ilivyo

Kwanza yafaa tujue kinachozungumzwa. Gari linapotoka kiwandani huwa limevikwa matabaka manne. Bodi tupu huzamishwa katika birika la rangi ya kuzuia kutu, ambayo hushikizwa kwenye chuma kwa nguvu ya umeme. Juu yake hupuliziwa rangi ya msingi ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe tuionayo, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi, mfano wa vanishi. Tabaka hili la mwisho ndilo lenye kung'aa, nalo ndilo linaloikinga rangi iliyo chini yake na jua. Matabaka yote hayo kwa pamoja aghalabu huwa na unene wa maikroni 100 hadi 180, kiasi cha nywele mbili za kichwa zikilazwa moja juu ya nyingine.

Rangi ya kiwandani huokwa katika tanuri lenye joto lipitalo nyuzi 100. Fundi wa gereji hawezi kulirudisha gari zima katika moto wa namna hiyo, kwa kuwa tayari lina plastiki, mipira na nyaya. Hivyo rangi yake hukaushwa kwa dawa, na kwa joto dogo au hewa tu. Hii si aibu kwake; ni kazi ya halali, na mafundi hodari huifanya ikadumu miaka mingi. Tatizo huja anayeuza anapotaka gari lipendeze hadi siku ya kulipwa basi. Pati hupakwa rangi kabla haijakauka, chuma hakisuguliwi msasa ipasavyo, na tabaka la juu hufanywa jembamba ili gharama ipungue. Kazi kama hiyo yaweza kusitirika kwa wiki kadhaa chini ya kivuli cha yadi. Ikipelekwa mahali pa jua kali na mchana mrefu usio na wingu, kama Kwa Vonza, hujifichua yenyewe.

Kasoro ni ipi?

Neno letu la Kiswahili "aibu" limetokana na neno la Kiarabu 'aib, ambalo wanazuoni wa fiqhi wamelitumia kwa kasoro ya kitu kinachouzwa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni ile inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake kwa kiasi cha kukosekana lengo lililo sahihi, ikiwa ada ya vitu vya jinsi hiyo ni kutokuwa nayo.

Sharti hili la ada ni muhimu sana. Watu wetu wakisema wamenunua gari jipya, mara nyingi makusudio yao ni gari lililokwisha kutumika Japani, likashuka Kilindini, likapewa nambari ya Kenya. Kanuni ya nchi, KS 1515, hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na mengi yanayokuja yanaukaribia umri huo. Gari la miaka saba likiwa na mikwaruzo midogo mlangoni, hiyo ndiyo ada yake, wala si kasoro ya kurudishia. Lakini ubavu uliobonyea katika ajali, ukajazwa pati na kufunikwa kwa rangi, huwafanya wafanya biashara wote wapunguze bei mara wajuapo. Hiyo ni kasoro bila ya shaka. Na gari likiuzwa kwa jina la jipya kabisa, lisiloendeshwa na mtu, basi hata bamba moja kupakwa rangi upya ni kasoro, kwa sababu ada ya gari jipya ni kuwa na rangi ya kiwandani.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya magari kuwako. Imepokewa na Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kufunga chuchu za ngamia na kondoo ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo amepewa hiari: akitaka atakaa naye, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, akaendelea katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana katika darsa zetu za pwani, kutaja mifano mingine. Mmoja wao ni mtu anayezuia maji ya mfereji au ya kinu, kisha akayafungulia wakati wa kuuza ili yaonekane mengi. Mwengine ni anayepaka rangi nyeusi nywele za mtumwa, au anayeutia uso wekundu, ili aonekane kijana mwenye afya. Yote hayo yampa mnunuzi hiari ya kurudisha. Anayepulizia rangi juu ya pati na kunyamaza hana tofauti na hao.

Hata hivyo, Imam huyo huyo ataja mtu aliyeipaka nguo ya mtumwa wino ili adhaniwe kuwa ni mwandishi, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hapo hana hiari. Yeye mwenyewe amezembea, kwa kuwa angeweza kuuliza na kumjaribu. Kwa hivyo si kila mng'aro ni hadaa. Kuliosha gari na kulipaka nta siku ya kuuza ni desturi ya biashara, na mwenye kununua ana macho.

Haki ya walionunua

Sasa tumjibu mama wa Kwa Vonza swali lake la kwanza. Ikithibiti kwamba pati na rangi ile vilikuwako kabla ya wao kulipokea gari, haki yao ipo. Maneno ya "kama lilivyo" hayaiondoi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, muuzaji akishurutisha kuepukana na kasoro zote, sharti hilo humwokoa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, na aliyeificha kasoro hawezi kusema hakuijua.

Lakini haki hii ina adabu zake, na wengi huipoteza kwa kutozijua. Ya kwanza ni haraka. Mnunuzi akigundua kasoro anatakiwa aeleze nia yake ya kurudisha bila ya kuchelewa pasi na udhuru, na aache kulitumia gari kwa haja zake. Anayeendelea kulipeleka sokoni na harusini kwa mwezi mzima, kisha ndio adai, huhesabiwa ameridhika. Kutoka Kwa Vonza hadi Mombasa ni mbali, lakini simu ipo. Na atume pia ujumbe wa maandishi, pamoja na picha zenye tarehe na maelezo ya fundi, mbele ya mashahidi wawili.

Ya pili ni kutenganisha kasoro ya muuzaji na ya mnunuzi. Mama ametueleza kwamba boneti na paa vimejaa mikwaruzo ya duara, kwa kuwa kijana wao hulifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Hiyo imepatikana mikononi mwao, na si haki kumbebesha muuzaji. Na kwa kuwa kasoro mpya imeingia, hawawezi tena kumlazimisha alipokee gari kama lilivyo sasa. Ama aridhie kulipokea, ama wapatane, na miongoni mwa njia za kupatana ni yeye kuwalipa arshi, yaani fidia ya kasoro ya zamani.

Arshi huhesabiwa kwa uwiano. Tuseme wajuzi wawili waadilifu wamekadiria kwamba gari hilo bila ya kasoro lilikuwa na thamani ya shilingi 800,000, na likiwa na kasoro ni 720,000. Pungufu ni sehemu moja katika kumi. Ikiwa wao walinunua kwa 750,000, basi hurudishiwa sehemu moja katika kumi ya bei waliyoilipa, nayo ni shilingi 75,000. Hesabu hii huzuia dhulma pande zote mbili.

Muuzaji akikataa, mlango wa serikali uko wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa habari anazozihitaji. Iko pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na ile ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Wasilipeleke shauri hili kwa Kadhi, kwani mamlaka yake kikatiba ni hali za Waislamu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili. Lakini waanze kwa suluhu, na wamtume mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili.

Kuuza kwa kunyamaza

Tuje kwenye swali la pili, ambalo kwetu ndilo zito. Jibu ni kwamba haifai. Amepokea Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir kwamba Muislamu si halali kwake kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro ila ambainishie. Na kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni kinajulikana na watoto wetu wa chuoni: alitia mkono katika chungu ya chakula, vidole vikapata umajimaji. Mwenye chakula akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakaona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tuzingatie kwamba mtu yule hakukilowesha chakula chake yeye mwenyewe. Msiba ulimpata kutoka mbinguni. Kosa lake lilikuwa kuuficha msiba wake ili umwangukie mwengine.

Hapo ndipo hoja ya mume wa mama huyu inapoanguka. Ni kweli wamedhulumiwa. Lakini aliyewadhulumu yuko Mombasa, na dada wa chama hakuwatendea lolote. Haki yao iko kwa yule, haiko kwa huyu. Naye huyu dada pengine ana bangili zake pia.

Jukumu hili halimhusu muuzaji peke yake. Imesimuliwa kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa' alimwona mtu akiondoka na ngamia aliyemnunua, akamfuata mbio na kumuuliza: umemnunua kwa nyama au kwa safari? Aliposema ni kwa safari, Wathila akamjulisha kwamba ukwato wa ngamia yule una tundu. Akalaumiwa kwamba anawaharibia watu biashara yao, naye akaeleza kuwa si halali kwa anayeijua kasoro kuinyamazia. Basi na fundi wa rangi anayeulizwa na mnunuzi, na dalali anayejua, na jirani aliyeliona gari likiwa gereji, wote wamo.

Kwa hivyo tunamnasihi mama: gari likiuzwa, liuzwe kwa kusema. Amweleze dada yake kwamba ubavu wa kushoto umewahi kugongwa, ndani mna pati, na fundi aliyelitazama ni fulani. Bei itapungua, nao waidai tofauti hiyo kwa aliyewauzia. Wakitaka kulipaka rangi kwanza walipake, kwani kutengeneza si haramu, ila wabainishe. Na kwa kuwa nusu ya gari ni mali yake, ana haki kamili ya kukataa liuzwe kwa njia asiyoiridhia. Hilo alizungumze na mumewe kwa upole na faraghani, kwa nia ya kumwokoa pamoja naye. Bwana huyo twamdhania kheri. Ameumia, na aliyeumia huona njia fupi kwanza.

Kabla ya kutoa fedha

Kina mama wengi siku hizi ndio wanaotoa sehemu kubwa ya bei, huku ukaguzi wote ukiachiwa wanaume. Mambo haya hayahitaji ufundi.

Litazameni gari mchana, juani, likiwa kavu. Maji huficha mikwaruzo, na taa za yadi za usiku hupamba kila kitu. Simameni pembeni mtazame ubavu wote kwa mshazari. Bamba lililopakwa upya mara nyingi hutofautiana kidogo na jirani yake, hasa rangi ya fedha na nyeupe ya lulu. Taswira ya jengo ikiakisi juu yake, mistari iliyonyooka isiwe na mawimbi. Uso ulio na vinundu kama ganda la chungwa kuliko mabamba mengine, michirizi iliyoganda, au chembe za vumbi zilizonaswa ndani ya rangi, vyote ni alama za kupuliziwa nje ya kiwanda. Pitisheni kidole ukingoni mwa mipira ya milango na vioo, kwani sprei huacha vumbi la rangi hapo. Fungueni boneti mtazame vichwa vya bolti kama vimechubuka. Malengelenge madogo chini ya rangi huashiria kutu au unyevu, na hayo hayaondoki kwa kung'arishwa.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika hafifu penye pati nyingi, ingawa haifai kwa bampa za plastiki. Gereji zenye kipimo cha unene wa rangi zaweza kuwaonyesha bamba lenye mara mbili au tatu ya unene wa mengine.

Zaidi ya hayo, ombeni karatasi ya mnada wa Japani. Ina mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa upya, na XX ni bamba lililobadilishwa. Daraja likiandikwa R, gari limetengenezwa baada ya ajali. Na muulizeni muuzaji waziwazi, mbele ya shahidi, kama limewahi kugongwa au kupakwa rangi, na jibu lake liandikwe katika mkataba.

Likishakuwa lenu

Vumbi la Ukambani ni mchanga mwembamba, na kulifuta likiwa kavu ni kupiga msasa. Maji huko ni ghali, na israfu haifai, lakini jagi moja la kuondoa vumbi kwanza, kisha kitambaa laini kilicholowa na kukunjwa mara kwa mara, vyatosha kwa siku za kawaida. Kinyesi cha ndege na utomvu wa migunga visiachwe vikaokwa na jua. Vilowesheni hadi vilainike. Mkwaruzo usionasa ukucha aghalabu uko katika tabaka la juu na huondoka kwa kung'arishwa, ila tabaka hilo hupungua kila mara, basi isiwe desturi. Rangi iliyokwisha kubanduka haina polishi. Ni kusuguliwa na kupakwa upya na fundi asiye na pupa.

Mtume (S.A.W.) amefundisha, kama alivyopokea Hakim bin Hizam, kwamba wawili wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka huondolewa. Twamuomba Mwenyezi Mungu amrudishie mama wa Kwa Vonza haki yake kwa njia ya kheri, amlainishe moyo aliyewauzia, na azijaalie nyumba zetu kula kilicho halali hata kikiwa kidogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.